Udongo wa Chini ya Jaa

Mfinyanzi hangoji mtambo umwambie kama udongo wake unafaa. Hutwaa donge moja, akalilowesha, akalikanda kwa kiganja hata likawa laini kama unga wa maandazi, kisha akalisokota liwe kama kamba nyembamba na kuizungusha kamba ile katika kidole cha shahada. Ikikatika, udongo ule hurudishwa bondeni, na ikikunjika bila ya kupasuka, kazi huanza. Walakini hata udongo mwema hauachwi vile vile ulivyochimbwa. Wafinyanzi wengi wa nchi hizi za maziwa, kadhalika na wenzao wa pwani, huuchanganya na mchanga au vigae vilivyotwangwa, kwa kuwa wamejua tangu enzi za bibi zao ya kwamba udongo ulionona kupita kiasi huvimba ukilowa, hunywea ukikauka, na chungu kikapasuka hata kabla hakijauona moto. Muradi wangu leo ni kuizungumzia elimu iliyozaliwa na hekima hiyo, elimu ya kuutengeneza udongo ili uweze kufanya yale ambayo kwa tabia yake pekee usingeyaweza. Nayo wahandisi wa siku hizi wanaitumia si kwa chungu cha kupikia maharage, bali kwa chungu kikubwa kuliko vyote ambavyo mji huhitaji, yaani kile cha kuwekea taka zake.

Usafi wa Kigali unajulikana, wala sina haja ya kuusifu mbele ya watu wanaouamkia kila siku. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, wakati mataifa mengi tajiri yalikuwa bado yakijadiliana. Na Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi watu hutoka kwa umuganda, wakubwa kwa wadogo, wakafagia na kuzibua mifereji. Lakini taka hazifi kwa kufagiwa, huhama tu. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 1,745,555 katika jiji hili, na kila mmoja wao huacha kitu nyuma yake kila siku, aghalabu maganda ya ndizi na viazi, majani ya mboga na mabaki ya sufuria, ambavyo hupakiwa katika malori na kupandishwa Nduba, katika wilaya ya Gasabo, kwenye jaa ambalo wenyeji hulitaja kwa jina la Kinyarwanda, ikimoteri.

Nduba ilianza kupokea taka mwaka 2012, baada ya jaa la Nyanza ya Kicukiro kufungwa. Siwezi kulitaja jaa hilo la Nyanza nikapita kama mpita njia, maana ni mlima ule ule ambao tarehe 11 Aprili 1994, wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokuwa wamekimbilia shule ya ETO Kicukiro waliswagwa hadi huko wakauawa. Na leo pana makaburi na bustani ya kumbukumbu. Ardhi haisahau kinachowekwa juu yake. Nalisema neno hili kwa taadhima kwa marehemu, na nalisema pia kwa maana yake ya kawaida, kwa kuwa jaa likishafungwa na kufunikwa majani, maji yake huendelea kutembea chini kwa miongo mingi.

Maji hayo yatoka wapi? Mvua ya Kigali kwa mwaka ni kama milimita 1,000. Mvua hiyo ikiangukia hekta 1 tu ya jaa, huwa mita za ujazo 10,000, sawa na malori 1,000 ya maji yenye matangi ya lita 10,000 kila moja. Sehemu hupanda hewani kwa jua, na sehemu huteremka juu juu mlimani. Lakini zinazobaki huzama ndani ya taka, zikakutana na maji yaliyokuwamo tayari katika maganda na mabaki ya vyakula, ambayo katika miji yetu huwa mengi kuliko katika miji ya Ulaya kwa sababu taka zetu ni za jikoni zaidi kuliko za makaratasi. Hapo hupikika mchuzi mweusi, wenye asidi mwanzoni, wenye amonia na chumvi nyingi baadaye, na ndani yake hutembea risasi na zebaki kutoka katika betri na taa, mabaki ya rangi, mafuta na dawa za wadudu. Mchuzi huo ukipata ufa, hushuka. Kigali ni mji wa vilima, na hakuna kilima ambacho hakina bonde, wala bonde ambalo halina kijito; na vijito vyote vya mji huu mwisho wake ni Nyabarongo, ambao huungana na Akanyaru, ukawa Akagera, ukaingia Ziwa Viktoria. Kabla ya kufika huko, mto hupita Kanzenze, ambapo mwaka 2021 ulifunguliwa mtambo wa kutoa mita za ujazo 40,000 za maji kwa siku kutoka katika visima vya kingo zake, kwa ajili ya Kigali na Bugesera. Kwa hiyo tunayoyamwaga juu ya mlima na tunayoyanywa yana undugu, nao si wa mbali.

Dawa yake ni sakafu. Kabla ya lori la kwanza kumwaga, shimo hutandikwa udongo ulioshindiliwa mpaka maji yakashindwa kuupenya ila kwa taabu kubwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1999 hutaka chini ya taka za kawaida pawe na tabaka linalokinga sawa na mita 1 ya udongo ambao maji huupenya kwa mwendo usiozidi mita 1 kwa sekunde bilioni moja. Na kanuni za Marekani za mwaka 1991 hutaka sentimita 60 za udongo wa namna hiyo, na juu yake utando wa plastiki. Hesabu hizo humchosha asiyekuwa mhandisi, basi na tuziseme kwa lugha ya nyumbani: maji yakiwa hayasukumwi na kitu ila uzito wake, kinachopita katika sakafu kama hiyo kwa mwaka mzima ni kimo cha sentimita 3 tu, yaani upana wa vidole viwili. Mvua ya mita 1 juu, na vidole viwili chini; kinachobaki katikati hukusanywa kwa mabomba na kusafishwa.

Katika jamii ya udongo, bingwa wa kazi hii ni bentonaiti. Ni majivu ya volkano za kale yaliyogeuka udongo, na jina lake lilitokana na Fort Benton huko Marekani, mwaka 1898. Na madini yaliyomo ndani yake yalipewa jina mapema zaidi, mwaka 1847, kwa mji wa Montmorillon, Ufaransa. Lakini tusidhani kwamba ni kitu cha ugenini. Kila aliyejenga juu ya udongo mweusi wa mbuga, iwe ni katika nyanda za Athi karibu na Nairobi au katika bonde la Bugarama, kusini magharibi mwa Rwanda, anaijua tabia ya jamaa huyu hata kama hajui jina lake: masika huvimba akainua sakafu ya nyumba, kiangazi hunywea akafungua nyufa ambazo mtoto aweza kuingiza mkono. Siri yake imo katika umbo. Chembe zake ni karatasi zilizolaliana, kila karatasi ikiwa na unene wa sehemu moja ya milioni ya milimita, na baina ya karatasi hukaa chembe za chumvi ambazo hupenda maji. Maji yakiingia, karatasi husukumana, udongo ukajaa kila kijitundu kilichokuwa wazi.

Maabara huupima uwezo huo kwa namna rahisi ambayo ningependa kila mwanafunzi wa sekondari aione kwa macho yake. Hutwaliwa bilauri ndefu ya kioo yenye mililita 100 za maji safi, ikanyunyiziwa gramu 2 za unga wa bentonaiti, kidogo kidogo, kama mpishi anavyonyunyiza chumvi, kila chembe ikiachwa ishuke kabla ya nyingine. Gramu 2 ni kiasi cha nusu kijiko cha chai. Kesho yake unga ule, ukiwa ni wa aina bora, umekuwa utelezi mzito wa rangi ya kijivu uliojaza mililita 24 au zaidi. Kisha jaribio hurudiwa, lakini badala ya maji safi hutiwa maji yenye kalsiamu nyingi, kama yale ya jaa. Safari hii unga hushuka, hukaa chini, na huvimba kidogo tu, kama unga wa mahindi uliomwagika.

Hapa ndipo palipowashinda wahandisi wa mwanzo. Bentonaiti huvimba sana maadamu chumvi iliyo baina ya karatasi zake ni ya sodiamu. Lakini mchuzi wa jaa umejaa kalsiamu na magnesi, ambazo huingia, zikaitoa sodiamu na kukaa mahali pake, nazo huzifunga karatasi pamoja badala ya kuzitenganisha. Sakafu iliyofaulu siku ya kukaguliwa kwa maji ya bomba yaweza kushindwa baada ya miaka ya kulowa katika maji ya taka, ikanywea, ikapata nyufa, wala asiwepo wa kuiona, kwa kuwa juu yake mna taka zenye kimo cha ghorofa kadhaa. Udongo wa asili, kwa hiyo, haukutosha. Ukahitaji kutengenezwa, kama mfinyanzi anavyotengeneza wake.

Njia ya kwanza ya kuutengeneza iko karibu nasi kuliko tunavyofikiri, kwani ni magadi. Bentonaiti nyingi duniani huzaliwa zikiwa na kalsiamu, na hizo huvimba kwa uchache. Zikichanganywa na magadi yaliyosafishwa na maji kiasi, zikakandwa na kuachwa, kalsiamu hushikwa na magadi ikawa chokaa, na sodiamu ikaingia mahali pake, udongo wa bei rahisi ukawa udongo wa thamani. Magadi hayo ni yale yale ambayo mama zetu huyatia katika chungu cha maharage ili yaive upesi, na yale yale ambayo yamekuwa yakichimbwa na kuuzwa kutoka Ziwa Magadi, Kenya, kwa zaidi ya miaka 100.

Njia hiyo lakini haizuii kalsiamu ya jaa kurudi baadaye na kudai nafasi yake. Ndiyo maana katika miongo mitatu hii wataalamu wametafuta namna ya kuufunga mlango. Huko Japani walikichanganya kimiminika kiitwacho propilini kaboneti na bentonaiti, kikajipenyeza baina ya karatasi na kuziweka wazi hata katika maji ya chumvi. Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, kikatumia polima inayotokana na nyuzi za miti, ile ambayo hutiwa hata katika dawa ya meno ili iwe nzito: nyuzi zake ndefu hujisokota baina ya karatasi za udongo, na hata udongo ukitaka kunywea, nyuzi huushikilia. Aina nyingine hupewa chembe zenye mikia ya mafuta, hata udongo ukaacha kupenda maji ukapenda mafuta. Huo haufai kuwa sakafu peke yake, maana umepoteza ule uvimbe wake, lakini ukiwekwa kama tabaka la chujio huzinasa benzini na sumu za namna hiyo ambazo udongo wa kawaida huziacha zipite. Kwa maoni yangu hii ya mwisho ni kwa taka za viwanda na za karakana. Jaa la maganda ya ndizi halina haja ya gharama hiyo.

Je, Rwanda, ambayo haina bentonaiti nyingi ya kujivunia, itandike nini? Swali hili watu hulijibu kwa haraka kwa kusema tuagize mikeka. Mikeka ipo: ni bentonaiti iliyotiwa baina ya vitambaa viwili vya plastiki na kushonwa kwa sindano nyingi, unene wake ukiwa chini ya sentimita 1, na mkeka mmoja huweza kushika kazi ya tabaka nene la udongo. Ni kitu kizuri, huja kimekunjwa kama zulia na kutandikwa kwa siku chache. Lakini kilo kadhaa kwa kila mita ya mraba, zikizidishwa kwa hekta, zikasafirishwa kutoka ng'ambo hadi bandari ya Dar es Salaam au Mombasa na kupandishwa mpaka Kigali, ni fedha nyingi. Na mkeka huo huo, usipokuwa umetiwa polima, una ugonjwa ule ule wa kalsiamu niliokwisha kuueleza.

Mimi ningeanza na udongo wa hapa hapa. Udongo mwekundu wa vilima vyetu, na ibumba la mabondeni ambalo hufyatuliwa matofali na vigae, una kaolini nyingi, ndugu wa ile ingwa nyeupe ambayo wanawake wa mashariki ya nchi hupakia michoro ya imigongo. Kaolini haivimbi kama bentonaiti, na kwa sababu hiyo hudharauliwa; walakini asiyevimba sana hana pia cha kunywea, na maji ya kalsiamu hayambadilishi tabia kwa kiasi kile yanavyombadilisha mwenzake. Kasoro yake ni nyingine: udongo mwekundu ukiwa mahali pake ulipozaliwa hujikusanya katika vipunje vidogo vigumu kama mchanga, na maji hupita baina ya vipunje hivyo bila kizuizi, jambo ambalo kila mkulima wa hapa hulishukuru na kila mhandisi wa majaa hulihofu. Vipunje hivyo lazima vivunjwe, na havivunjwi kwa kushindiliwa vikavu. Sharti udongo uloweshwe kupita kidogo kile kiasi ambacho mjenzi wa barabara angekipenda, kisha ukandwe kwa mtambo wenye gurudumu la meno ya chuma, tabaka juu ya tabaka, kila moja likiumana na lililo chini yake. Mjenzi wa barabara hutafuta nguvu, mjenzi wa jaa hutafuta ulaini, na aliyezoea kazi ya kwanza huharibu ya pili kwa nia njema kabisa. Udongo uliokandwa hivyo, ukitiwa bentonaiti iliyotengenezwa ya kiasi cha 5 au 10 kwa mia tu, waweza kufikia kipimo kile cha vidole viwili kwa mwaka. Na hicho kidogo cha kuagizwa kingegharimu sehemu ndogo ya bei ya kutandika mikeka kila mahali.

Lazima niseme na upande wa hatari, kwani sakafu njema katika mlima yaweza kuwa mtego. Utelezi uleule unaozuia maji huzuia pia miguu ya taka kushika. Tarehe 19 Machi 1988, huko Kettleman Hills, California, rundo la taka za sumu liliteleza juu ya sakafu yake mpya iliyojengwa kwa utando na udongo uliolowa, na wahandisi wakajifunza kwa fedheha ya kwamba walihesabu uvujaji wakasahau mteremko. Wala majaa yasiyo na sakafu hayako salama, maana maji hujaa ndani ya taka na kuzipa uzito zisioweza kuubeba. Jaa la Koshe, Addis Ababa, liliporomoka tarehe 11 Machi 2017 likaua watu zaidi ya 110; na jirani zetu wa Kampala waliamka Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2024, wakakuta jaa la Kiteezi limeshuka juu ya nyumba, na maiti zikafukuliwa kwa siku nyingi. Kigali, yenye miteremko mikali kuliko Kampala, haina ruhusa ya kuzisoma habari hizo kama za watu wengine. Sakafu ya udongo bila mabomba ya kutolea maji ni beseni, na beseni likiwekwa ubavuni mwa mlima likajaa, litamwagika tu. Mabomba kwanza, ngazi za mteremko pamoja nayo, na udongo chini ya vyote viwili.

Nduba haikuanzishwa kama jaa lililotandikwa sakafu, na taka zilizokwisha kurundikwa hazitainuliwa. Kuna juhudi za kupunguza mzigo wake, na mradi uliofadhiliwa na Luxembourg tangu mwaka 2022 wa kuchambua taka na kuzifanya mboji ni wa kusifiwa, kwa sababu kila ganda la ndizi linalokwenda kwenye mboji ni maji yasiyoingia katika ule mchuzi. Lakini mzee akiugua hatupwi kwa kuwa hakutunzwa ujanani. Sehemu zilizojaa zaweza kufunikwa juu kwa kofia ya udongo huo huo uliokandwa, ili mvua iteremke pembeni badala ya kuzama. Na upande wa bonde waweza kuchimbwa handaki jembamba, likajazwa mchanganyiko wa udongo na bentonaiti, likawa ukuta uliozikwa wa kuyazuia maji yanayotambaa. Na shimo lolote jipya litakalofunguliwa, hapo Nduba au kwingineko, lisipokee hata ndoo moja ya taka kabla ya sakafu yake kupimwa, na kupimwa si kwa maji ya bomba ya maabara, bali kwa maji yaliyochotwa jaani penyewe.

Nawaomba wenye amana ya jambo hili katika jiji na wizara wawaite pamoja watu ambao aghalabu hawaketi meza moja: mhandisi wa majaa, mwenye kiwanda cha matofali anayeyajua machimbo ya ibumba, mwalimu wa kemia, na mfinyanzi. Nawe msomaji, ganda la ndizi la leo liweke katika ndoo yake peke yake, mbali na betri. Kazi ya kukanda na kushindilia udongo haifanyiki mvuani. Kiangazi chetu kirefu huanza Juni na kwisha Agosti, na mvua za umuhindo hufuata Septemba.